Hukusahau Kufunga Mtandio

Mazingara, Handeni

Mwanangu Mwanaidi,

Shuleni walikufundisha barua ianze kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naijua. Uko chumba cha pili, unabishana na mama yako kuhusu sweta. Yeye anataka uchukue mawili, wewe unataka moja, na nakuambia mapema kwamba utaondoka na matatu. Mambo ya sweta, ya dawa, ya nani wa kumpigia simu ukishuka Mbeya, hayo yote mwachie yeye, ameyaandika kwenye karatasi na karatasi ameibandika ukutani. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia zaidi ya miaka miwili, mpaka sasa naona ndilo linalonikalia mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile hukusahau kufunga mtandio. Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba umesahau. Ulinisikia, ukaitikia. Tangu hapo kijiji kizima kinajua kuwa binti Athumani alipoteza vidole kwa uzembe wake mwenyewe, na baba yake, maskini, alikuwa amesimama palepale.

Nimeandika maneno hayo nikainuka nikaenda kunywa maji. Nimerudi, nyumba bado imesimama. Basi nitaendelea, na nitakueleza hata yale unayoyajua, maana wewe uliyaona ukiwa upande wa pili wa mashine na mimi sijawahi kukuambia yalivyoonekana nilikokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi hivi mjomba wangu aliponichukua kwenda Korogwe kuchongesha ekseli ya mkokoteni. Tulikwenda kwenye karakana ya shamba la mkonge. Nikaona mashine ya kukereza vyuma kwa mara ya kwanza: chuma kinazunguka, kisu kimetulia, na chuma kinamenyeka kama muhogo. Maganda yake yalikuwa marefu, yamejikunja, yanatoa moshi. Mjomba alinivuta sikio ndipo nikaondoka. Nilirudi nyumbani nikakua, nikawa mkulima wa mahindi kama baba yangu, lakini kila nilipoona nati au shafti nilijiuliza nani aliikereza.

Wewe ukiwa kidato cha pili nilikwenda Korogwe kutafuta kifaa cha pampu, nikapita kwenye karakana ileile. Shamba lilikuwa limekufa siku nyingi. Vijana wa chuma chakavu walikuwa wanakata mashine vipande kwa moto wa gesi, na ile ya kukereza ilikuwa imebaki kwenye kona, imefunikwa na kutu na mavi ya popo, inasubiri zamu yake. Sikufikiri. Nilirudi nikauza maksai wawili bila kumuuliza mama yako, ambaye alikuwa anangoja bati za kuezekea. Hilo ni kosa la kwanza katika hadithi hii, na kwa hilo tayari nimelipa, kwa sababu mama yako anajua kutoza.

Unakumbuka Fuso lilipoishusha? Watu kumi na wawili, magogo chini, kelele. Mama yako alitoka na mwiko mkononi, akaiangalia.

"Inasaga?"

"Haisagi."

"Inakoboa?"

"Haikoboi."

Akarudi jikoni. Majirani walicheka wiki nzima. Mtu wa mahindi anajifurahisha na chuma! Wewe peke yako ulisogea, ukapitisha kidole kwenye kutu, ukauliza, "Baba, ilikuwa inafanya nini?" Nikakuonyesha kwa mikono. Sidhani kama kuna siku nimekupenda kuliko siku ile, na nakuambia wazi kwa sababu sikukuambia wakati ule.

Tukaiweka kwenye ghala la mahindi, tukaanza. Mafuta ya taa, brashi ya waya, matambara ya kanga kuukuu za bibi yako. Vitundu vya kutilia mafuta vilikuwa vimezibwa na udongo wa nyigu, vigumu kama saruji, na wewe ukavizibua kimoja kimoja kwa spoku ya baiskeli huku ukiimba nyimbo zako za redioni ambazo sizielewi. Miaka mitatu tulifanya kazi ile, Jumamosi na Jumapili na siku za mvua. Sijui watu wengine wanaongea nini na binti zao. Sisi tuliongea kuhusu kutu, na kwenye kutu tulikuwa tunapitia kila kitu.

Sasa nikukumbushe ile nati kubwa, maana hapo ndipo ningejijua kama ningekuwa na akili.

Siku tatu nilipambana nayo. Niliiloweka mafuta, niliipasha moto, nikachomeka bomba refu kwenye spana na kuning'inia juu yake kama popo. Haikusogea. Uliinama ukaiangalia, ukasema, "Baba, hii imesokotwa upande mwingine. Unaikaza." Nikakufokea. Nilikuambia uende ukaoshe vyombo, chuma si mchezo wa watoto. Jioni nilitoka shamba nikaikuta nati juu ya meza, katikati ya kisahani cha chai, imefutwa inang'aa. Wewe ulikuwa unachambua mchicha hata hunitazami, mabega yanakutetemeka kwa kicheko.

Nilicheka na mimi. Lakini kesho yake mwenyekiti wa kitongoji alipopita na kuuliza imefunguliwaje, nilimwambia nimeifungua mimi. Nilisema nimegundua kuwa imesokotwa kinyume. Ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo, ukasikia, ukanyamaza. Nikaona umenyamaza kwa heshima, nikafurahi kwamba nimekulea vizuri. Sikujiuliza ni kitu gani nakulea nacho.

Baba yako ni mtu asiyeweza kuonekana amekosea. Andika hivyo popote. Akikosea peke yake shambani atacheka na kujitukana. Akikosea mbele ya watu atatafuta mtu wa kumvisha kosa, na aliye karibu mara zote ni yule anayempenda. Mama yako ameishi na hilo miaka ishirini na mbili. Wewe ukalipata mkononi.

Kisha akaja mzee Yohana. Nilimpata kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mkonge, kule Korogwe, baba yake aliletwa kutoka kusini kukata mkonge na yeye akazaliwa kambini akawa mkerezaji wa karakana mpaka ilipofungwa. Ile mashine alikuwa ameitumia kwa mikono yake. Nilidhani atalia akiiona. Aliipiga teke akasema, "Bado hujafa, mbwa wewe?" Ndipo akatugeukia, na mtu aliyemtazama hakuwa mimi. Alikutazama wewe. Akakwambia ukunje mikono ya gauni mpaka juu ya kiwiko, uvue bangili, uingize mkufu ndani.

"Hapa hakining'inii kitu," alisema. "Iwe tai, iwe shuka, iwe ndevu za huyu baba yako. Mashine haina macho. Inavuta inachokipata."

Siku ileile ulimwomba bibi yako akufumie kofia ya uzi, ya kubana, na chini yake ukafunga kitambaa kidogo kilichoishia shingoni. Hakuna unywele uliokuwa unaonekana. Imamu mwenyewe alipita ghalani mara mbili, akakusifu kwa kazi, wala hakusema neno kuhusu kichwa chako. Nataka ulikumbuke hili utakapofika sehemu inayofuata, kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba nilikuwa nalinda dini.

Mzee Yohana alitufundisha kutengeneza jino la gia lililovunjika: unatoboa vitundu vitatu kwa mstari, unapachika skrubu tatu, kisha unazichonga kwa tupa mpaka ziwe jino. Mimi nilijaribu, likatoka jino la mbwa. Wewe ulichonga siku mbili, kidole cha shahada kimelala juu ya tupa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Lilipoingia kwenye gia jirani bila kelele, mzee Yohana alivua kofia yake akakuvisha kwa dakika moja, akaichukua tena. "Huyu mpeleke chuo," aliniambia. Nikamwambia nitakupeleka. Tukajaza fomu za ufundi mitambo mwaka ule ule.

Na sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi. Nilikuwa nimealika watu waje waone mashine inakereza. Wiki moja kabla tulikuwa tumeijaribu sisi na mzee Yohana, na ganda la chuma lilimenyeka refu kuliko mkono, kwa hiyo nilikuwa nimevimba kichwa. Nilipanga viti mbele ya ghala kama harusi. Mwenyekiti alikuja, majirani walikuja, shangazi yako Fatuma alitoka Mkata na wakwe zake. Mzee Yohana alikuwa njiani, basi lilimchelewesha. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi wageni walipoanza kutazama saa nilisema tuanze.

Shangazi yako alikuona umetoka ndani na kofia yako ya uzi na ile ovaroli iliyokuwa yangu. Akaniinamia sikioni. "Kaka, mtoto amekuwa mwari, wakwe wanamtazama, umemwacha amefunga kichwa kama mchoma mkaa?" Alisema tu hivyo. Simlaumu. Yeye hajawahi kusimama mbele ya mashine ile, hajui inavuta nini. Mimi nilijua.

Nikakuita. Nikakuambia uende ukavae mtandio wako wa Idi, ule mrefu wa bluu wenye shanga pembeni.

Ulisema, "Mtandio, baba? Kwenye mashine?"

Nikasema, "Si umesikia?"

Ulikwenda, ukarudi umeuvaa. Ulikuwa umejaribu kuuzungusha mara mbili shingoni na ncha zake ukazichomeka kwenye ovaroli, lakini ulikuwa wa kitambaa cha kuteleza, zilikuwa zinatoka. Ulisimama karibu yangu, ukasema kwa sauti ndogo ili wageni wasisikie, ili nisione aibu, "Baba, niuvue kidogo tu wakati inazunguka. Nikimaliza navaa."

Nami nikakujibu kwa hasira, huku nikitabasamu kwa ajili ya wageni, "Usinitie aibu mbele za watu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia kichwani mpaka yamekuwa kama ya mtu mwingine, lakini si ya mtu mwingine. Sikuwa nalinda dini wala sikuwa nakulinda wewe. Nilikuwa nalinda sura yangu mbele ya wakwe wa dada yangu, watu ambao leo nikikutana nao barabarani hata majina yao lazima niyakumbuke kwanza.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Uliinama kuangalia kisu, ncha ikatoka, ikavutwa. Ulipeleka mkono kuokoa shingo na mkono ukaokoa shingo kweli. Nilisimama. Watu wanadhani nilikimbia kuzima mashine, na sijawahi kuwasahihisha. Swichi niliifunga ukutani mimi mwenyewe tulipoiweka mashine, niliijua ilipo, na miguu yangu haikusogea. Uliyeizima ni wewe, kwa mkono wa kushoto.

Nakumbuka mkanda wa mashine ukipunguza mwendo mpaka ukasimama. Nakumbuka mzee Yohana akishuka kwenye pikipiki getini, akiwa bado anamlipa kijana wa bodaboda, akituona, akiacha chenji yake.

Hospitalini Korogwe muuguzi alikuwa na kalamu na daftari. Aliuliza, imekuwaje? Mama yako alikuwa amekushika kichwa, shangazi yako analia ukutani, mzee Yohana amesimama mlangoni. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Amesahau kufunga mtandio."

Ulikuwa umelala umepauka kama unga. Ukageuza macho ukanitazama. Sijui nilitegemea nini. Ungesema neno moja tu, ningeanguka pale. Lakini ukasema, "Ndiyo. Nilisahau."

Huo ndio uongo wako wa kwanza ninaoujua, na uliusema kwa ajili yangu, na vidole viwili vya mkono wako vikiwa kwenye beseni.

Mwanangu, nimekuona ukijifunza upya. Kumega ugali kwa gumba na vidole viwili, kimoja hakikunjiki. Kufunga vifungo. Kuandika kwa kushoto, herufi zako zikiwa kubwa kama za darasa la kwanza na wewe ukizicheka ili mama yako asilie. Lakini kuna kimoja ambacho sijui kama unajua nakiona. Ukiswali sebuleni, nikipita kwenda uani, nakukuta umekaa tahiyatu. Ule wakati wa kuinua kidole cha shahada unainua kile kipande kilichobaki. Unakiinua sawasawa, bila kukificha. Mimi napita haraka, naenda nyuma ya choo, nasimama pale kama mwizi. Mwaka wa tatu huu.

Na kijijini umekuwa mfano. Nimemsikia mama mmoja pale kwenye mashine ya kusaga akimwambia binti yake, funga kanga vizuri, unataka kuwa kama Mwanaidi aliyesahau? Nilikuwa na gunia begani, hatua tatu kutoka kwake. Ningelitua gunia. Nilipita.

Ghalani niliacha kuingia. Niliifunika mashine kwa turubai, nikasema wazi kwamba nimeichukia, na mara mbili niliwaita watu wa chuma chakavu, mara mbili nikawarudisha. Nilitaka uone kwamba naumia. Mwaka jana wakati wa mvua niliingia kutafuta jembe, nikainua turubai. Sikukuta kutu. Ilikuwa imefutwa, imepakwa mafuta mapya, na kwenye vitundu vyote mafuta yalikuwa yamejaa mpaka juu. Pembeni kulikuwa na kipande cha chuma kimebanwa kwenye jiliwa, kimechongwa kwa tupa, vibaya, na mtu wa mkono wa kushoto. Na vipande vingine chini yake, kila kimoja ni afadhali kuliko cha kabla yake.

Nilirudisha turubai kama nilivyolikuta. Sikukuambia nimeona. Ndipo nilipojua kwamba aliyeogopa mashine katika nyumba hii ni mmoja tu.

Mwezi uliopita tukakaa mezani kujaza tena fomu za chuo. Wewe ulikuwa unaandika, mimi nimekaa karibu, nashika kitambulisho changu kwa ajili ya sehemu ya mzazi. Kulikuwa na mahali wanauliza kuhusu ulemavu na chanzo chake. Hukusita hata kidogo. Uliandika, kwa zile herufi zako kubwa: *Ajali ya mashine. Uzembe wangu mwenyewe.*

Nilikutazama usoni nikitafuta kama unanisuta. Hukuwa unanisuta. Ulikuwa unaandika kama mtu anavyoandika tarehe ya kuzaliwa. Na hapo ndipo hofu iliponishika, ambayo sijawahi kuipata hata siku ile ya damu. Niliona kwamba umeuamini. Umenilinda kwa muda mrefu mpaka umesahau kwamba unanilinda.

Nikachukua kalamu, nikaweka sahihi chini yake.

Majibu yalipokuja, wamekupa utunzaji wa kumbukumbu. Ufundi mitambo hawakukupa. Sijui kama ni kwa sababu ya mkono au ni kwa sababu ya yale maneno, maana mtu anayejiita mzembe mbele ya mashine, hata mimi mwenyewe nisingempokea karakanani. Ulisoma barua yao umesimama, ukaikunja, ukasema, "Si mbaya, baba, kumbukumbu nazo zina kazi zake." Ukaenda kuteka maji wakati mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Kwa hiyo leo nimezunguka. Uliponiona natoka asubuhi na kanzu ukadhani naenda msibani. Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimwambia yote, na ile nati pia. Alinipiga begani akasema, "Athumani, yamepita. Ni kazi ya Mungu." Nikamwambia hapana, bwana, hii ilikuwa kazi yangu, Mungu alikuwa amemtuma mzee Yohana na kanuni yake na mimi nikaikataa. Hakupenda nilivyosema. Nikampigia shangazi yako. Alilia, akasema basi kosa ni lake, na ilinichukua muda mrefu kumnyang'anya kosa hilo. Watu wana haraka ya kugawana, na mimi hili nataka nibaki nalo zima.

Nikampigia mzee Yohana. Unajua hakuwahi kurudi kwetu, na mimi niliwaambia watu kwamba moyo wake hauwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua pale pale mlangoni hospitalini. Mtoto aliyechonga jino lile hasahau kitu. Nilikuwa nangoja uniambie." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Aliyekuwa na haki ya kusema alikuwa amekwishanyamaza." Akakata simu. Nadhani hajanisamehe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka sana.

Wa mwisho alikuwa mama yako, saa ya Alasiri, anakunja nguo zako kitandani. Nilisimama mlangoni kama mkwe. Nilipomaliza aliendelea kukunja gauni moja muda mrefu, analikunjua, analikunja. Kisha akaniuliza neno moja tu.

"Alikuuliza?"

Nikasema, "Aliniuliza mara mbili."

Akaweka lile gauni kwenye begi, akapita karibu yangu bila kunigusa, akakufuata na mambo yake ya sweta. Chakula changu kimewekwa mezani, kimefunikwa vizuri. Hajakaa nami, na sitarajii akae. Nimekueleza ili ujue kwamba ukimwona kesho macho yamevimba, si safari peke yake.

Sina mawaidha ya kukupa. Ningekuwa nayo ungeyaona kwenye maisha yangu. Lakini nimeona jambo moja, nikupe kama lilivyo: siku ile, ulipouliza mara ya kwanza, nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Ulipouliza mara ya pili nikapandisha hasira, hasira ile ilikuwa ni kwa sababu ulikuwa na haki na mimi nilijua. Utakutana na wakubwa wengi huko, wenye vyeo na sauti nzuri. Akikujibu mtu kwa hasira kwenye swali dogo kama lile, vua mtandio, mwanangu. Acha aaibike.

Na huko watakuuliza. Wa bwenini watakuuliza, walimu watakuuliza, siku moja mtu atakayekupenda atakushika mkono huo na kukuuliza. Najua utakavyojibu, kwa kuwa tulikulea kwamba mtoto hamtangazi mzazi wake. Niasi katika hili moja. Sema: *Baba aliniambia nivae. Nilimuuliza mara mbili.* Ukisema hivyo hutakuwa umenivunjia heshima, utakuwa umeirudisha mahali ilipopaswa kuwa. Na kama utataka kumwambia mkuu wa chuo kwamba fomu ile ina uongo na kwamba aliyeutia sahihi yuko tayari kuja kuukana, namba yangu unayo. Nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Barua hii nitaisukuma chini ya mlango wako kabla ya Isha, makusudi, ili uisome leo. Nina sababu. Kesho alfajiri, kwa desturi zetu, msafiri anapita kwa wazazi wake kuomba radhi. Utakuja, utapiga goti, utasema, baba kama nimekukosea unisamehe. Nimewaza hilo wiki nzima. Siwezi kukaa kwenye kiti kile na kulisikia likitoka kinywani mwako.

Kwa hiyo usije. Nitakuja mimi. Nitagonga mlango wako baada ya Alfajiri, nitasimama nje na kusema yale ambayo wewe ungesema. Usifungue kwa sababu tu mimi ni baba yako. Ukiona hujawa tayari, kaa kimya tu, na mimi nitajua nimejibiwa. Begi lako nitalibeba mpaka barabarani vilevile.

Baba yako,
Athumani